Mijusi Wawili wa Adhis

Juni 2

Digrii kumi na mbili asubuhi. Mvua milimita mbili.

Leo nimepata wageni wawili ambao hawasalimii wala hawanywi chai.

Adhis, mke wa mwanangu Mwai, alifika saa nne kwa teksi kutoka Nyeri mjini, tumbo limetangulia na kisanduku cha kioo magotini. Ana mimba ya miezi sita. Presha yake haitaki kutulia, na daktari amemwambia alale mpaka ajifungue. Mwai yuko Doha anafunga nyaya za umeme mpaka Desemba. Kwa hiyo Adhis atakaa Ruring'u kwa binamu yake Phelister, ambaye ni nesi. Phelister amekubali kila kitu isipokuwa kisanduku.

Ndani ya kisanduku mna mijusi wawili, wale wa ukutani, weupe kama nta ya mshumaa, na taa ndogo ya kuwapa joto. Adhis aliwachukua Homa Bay siku nyumba ya marehemu baba yake ilipobomolewa. Mkubwa anaitwa Jakom, yaani mwenyekiti kwa Kijaluo. Mdogo anaitwa Katibu. Baba yake huyo, Mzee Ogutu, ndiye aliyewapa majina, kwa sababu walikaa darini juu ya meza yake na hawakukosa kikao hata kimoja.

"Baba, najua wewe si mtu wa mijusi," Adhis aliniambia. "Lakini sina mwingine."

Akanipa karatasi aliyoandika kwa mkono. "Soma hii vizuri. Baridi ikizidi watapunguza kula, wanaweza kukaa hata mwezi mzima. Usiwaforce. Na wadudu ni wale wa taa ya veranda peke yake."

"Mami," nikamwambia, "mimi nimefundisha wafugaji wa Tetu miaka thelathini na minne."

"Ndio maana nimewaleta kwako," akasema, akacheka kidogo.

Karatasi nimeitia ndani ya Biblia, kwenye Mambo ya Walawi, mahali ambapo sifiki mara kwa mara.

Juni 3

Digrii kumi na moja. Watiri, dada yangu, amekataa kuingia sebuleni mpaka nifunike kisanduku kwa kitambaa. Ana miaka sabini na mbili na amewahi kuua swila kwa jembe.

Juni 5

Digrii kumi na moja. Ukungu mpaka saa tano.

Jioni nilisimama chini ya taa ya veranda na soksi kuukuu mkononi, nikanasa nondo sita. Jakom alikula wanne, Katibu wawili. Jakom anakula kwa heshima: anatazama kwanza, anatikisa ncha ya mkia, ndipo anaruka. Nimejikuta nikimpigia makofi. Watiri alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza kama akili yangu nayo imestaafu.

Juni 7

Digrii kumi na mbili. Nimetia mahindi dawa ya dumuzi, magunia manne. Nimefagia stoo.

Juni 11

Digrii tisa. Gathano, msimu wetu wa baridi, imeingia rasmi. Jua halikuonekana kutwa nzima, na chai ilipoa kabla sijaketi. Nondo mmoja tu kwenye taa. Jakom kala, Katibu kamtazama.

Juni 14

Digrii tisa. Hawajala.

Juni 15

Digrii nane na nusu. Hawajala. Kanisani tulikuwa wachache, kila mtu anaimba akiwa ndani ya koti.

Juni 19

Digrii tisa. Manyunyu. Hawajala. Kwenye taa ya veranda hakuna hata mbu.

Adhis alipiga simu saa kumi na mbili kasoro, kama kawaida yake. Aliniuliza kama wanakula. Nikasema wanakula kama wakora. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yeye mwenyewe alishaniambia watapunguza, na ningesema ukweli angeniambia ni sawa. Lakini nilipoanza kazi, bosi wangu wa kwanza alitufundisha kwamba mfugo usiokula ni aibu ya mfugaji, na hiyo aibu sijaivua mpaka leo.

Watiri anasema hakuna kiumbe anayekataa chakula bila sababu, isipokuwa mtoto anayedeka na mkwe aliyekasirika.

Juni 24

Digrii nane. Hawajala siku kumi na mbili mfululizo.

Nimekaa na kisanduku sebuleni tangu adhuhuri. Jakom ananitazama. Hawa hawana kope, kwa hiyo wakikutazama wanakutazama kweli.

Sasa niandike jambo ambalo sijawahi kuandika. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda Homa Bay, mimi na wazee wanne, kwa mazungumzo ya mahari. Sikutaka kwenda. Nilitaka Mwai aoe msichana wa hapa, mtu ambaye ningejua nyanya yake alilima wapi. Tulikula samaki, tukaelewana vizuri tu. Halafu Mzee Ogutu, mtu mwenye kicheko kikubwa, akauliza, "Nasikia kwenu kijana wa kwanza anapewa jina ya babu yake. Kwa hivyo huyu wetu ataitwa Theuri?"

Nikajibu mbele ya watu wote, "Huyo msimwite mimi. Mtafutieni jina la huku."

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume ni babu aliyerudi. Kumnyima jina lako ni kusema hutaki kurudi kupitia kwake. Mwai aliinamisha kichwa. Adhis alikuwa ameshika sinia la vikombe, akageuka nalo akarudi jikoni.

Mzee Ogutu peke yake ndiye aliyecheka. Akaelekeza kidole darini. "Haya," akasema. "Mwenyekiti amesikia, na Katibu ameandika."

Ndio hawa. Mashahidi wangu wako sebuleni kwangu, na hawataki kula chakula changu. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wangu siku ile ulivunja vitu. Mzee Ogutu alikufa mwaka jana kabla sijamwomba radhi. Nilituma maua.

Juni 26

Digrii nane. Hawajala. Nilimfungua Jakom mdomo kwa kijiti cha kiberiti nikamtilia panzi. Alimtema.

Juni 27

Digrii nane na nusu.

Nimepata! Mganga ni mganga hata akistaafu.

Leo asubuhi nilikwenda stoo kuchukua mahindi ya kuku, na nyuma ya magunia nikakuta nondo na dumuzi tele wakitambaa sakafuni. Wamelegea kwa baridi, hata hawajaribu kukimbia. Wiki mbili nimekuwa nikirukaruka verandani na soksi, kumbe chakula kilikuwa hapa kikiningojea. Niliokota kumi na wawili kwa kijiko.

Jakom alitazama. Akatikisa mkia. Akala watatu. Nilipiga kelele mpaka Watiri akatoka kwake na mwiko mkononi.

Nilimpigia Adhis kabla hajanipigia. Nikamwambia leo wamekula zaidi. Akafurahi sana, nikamsikia akimwambia Phelister, "Baba amewezana nao."

"Umetoa wapi wadudu na hii baridi?" akauliza.

"Hapa hapa nyumbani," nikasema.

Juni 28

Digrii tisa. Jakom amekula wanne. Katibu anakataa katakata. Nimemwambia ataona cha moto.

Juni 29

Digrii nane. Stima ilipotea kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Jakom anatetemeka. Nimezungushia kisanduku blanketi na chupa ya maji moto. Sikwenda kanisani.

Juni 30

Digrii saba na nusu. Asubuhi ya baridi kuliko zote mwaka huu.

Jakom amekufa saa tano.

Nilimkuta amelala chali, miguu ya nyuma imekauka, ile ya mbele inapapasa hewa. Nilimshika mkononi. Ni mwepesi sana. Nilimpulizia pumzi ya moto kama tunavyofanya kwa vifaranga vilivyozubaa. Nikamfuta kwa pamba. Nikamwambia, Mzee, usinifanyie hivi. Ni kweli, nilimwita Mzee. Mkia ulitikisika mara mbili, kama anavyofanya akitaka kuruka, halafu basi.

Watiri aliingia sebuleni bila kudai kisanduku kifunikwe. Alikaa karibu nami, akasema, "Ni baridi, Theuri. Baridi imeua hata ndama wa Ngatia."

Nilimtia ndani ya kopo la kahawa nikamzika chini ya mlingoti wa kipima mvua. Nilidhani ni mahali pazuri, pasipolimwa. Sikufikiri kwamba nitapita hapo kila siku asubuhi mpaka nife.

Julai 1

Digrii nane. Mvua milimita tatu.

Nilimwambia Adhis. Nilikuwa nimejipanga kutoa maneno mengi, yakatoka mawili tu. Nikasikia anavuta kamasi. Halafu akaniambia mimi pole.

"Ni baridi, Baba. Si wewe. Jakom alikuwa mzee sana. Usijilaumu, tafadhali."

Nikasema, "Ndio. Ni baridi."

"Na stima nayo ilipotea."

"Ndio, ilipotea."

Nilishukuru moyoni kwa baridi na kwa watu wa stima. Nilijisikia mwepesi, nikala ugali wote.

Julai 4

Digrii tisa. Katibu hajala. Adhis alipiga simu kuuliza hali yangu. Yangu mimi!

Julai 6

Digrii tisa. Adhis alipiga. Anasema amenisikia sauti imelegea, anaogopa nitaugua kwa mawazo. Ananiimbia maneno yale yale: usijilaumu. Nimezoea kuyasikia.

Julai 9

Digrii nane. Katibu hajala. Ukungu.

Julai 12

Digrii nane. Mvua sifuri.

Kila mwaka katikati ya Julai ninajumlisha mvua ya nusu mwaka na kuichora kwenye jedwali, kama nilivyofanya kazini. Hakuna anayeyataka majedwali hayo. Ninayapenda mimi. Kwa hiyo baada ya chai nililifungua daftari hili, nikaanza na Juni, nikisoma tarakimu na kunakili. Mbili. Sifuri. Sifuri. Tarehe saba haina mvua. Ina mstari mmoja tu.

*Nimetia mahindi dawa ya dumuzi, magunia manne. Nimefagia stoo.*

Nikageuza kurasa mpaka tarehe ishirini na saba. *Wamelegea kwa baridi, hata hawajaribu kukimbia.*

Hawakuwa wamelegea kwa baridi. Walikuwa wanakufa. Dawa nilikuwa nimewatia mwenyewe kwa mkono wangu, na wiki tatu baadaye nikawaokota kwa kijiko na kumpelekea Jakom, mmoja mmoja, nikishangilia.

Miaka thelathini na minne nimesimama kwenye mikutano ya wakulima, Wamagana, Naro Moru, kote, nikishika pakiti juu ili hata wa nyuma waione. Nafaka yenye dawa haipewi mtu, haipewi kuku, mpaka siku zake ziishe. Na chochote kinachotoka kwenye gunia hilo nacho kina dawa. Nilikuwa nawataka wazee wenzangu warudie kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza. Kuna mama mmoja, Wamucii, kuku wake kumi na wanane walikufa kwa kosa hilo hilo. Nilimgombeza mbele ya jirani zake mpaka akalia. Nilimwambia pakiti husomwa kwa macho, si kwa masikio.

Mganga hajigangi. Sasa nimeelewa kwa nini hiyo methali huchekesha kila mtu isipokuwa mganga.

Nilikwenda kwenye Biblia kutoa karatasi ya Adhis. Imo palepale, Mambo ya Walawi. *Wadudu wa taa ya veranda peke yake.* Alijua. Nyumba yake haina stoo ya mahindi, lakini alijua kwamba yangu inayo.

Na Katibu, aliyekataa katakata, ndiye aliyepona.

Nimekwenda kwa Watiri nikamwambia yote. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Akasema, "Nyamaza nayo. Mtoto wa watu ana presha. Na amekubali ni baridi. Wewe unataka kumwambia ili nani apate nafuu?"

Lakini najua nimekuwa nikipokea pole kutoka kwa mtu niliyemfiwisha mimi.

Julai 13

Digrii tisa. Nilimpigia Adhis ili nimwambie. Phelister ndiye aliyeshika simu. "Amelala. Mzee, leo presha imepanda. Hakuna kumshtua, hata na habari nzuri." Nikasema nilikuwa nasalimia tu.

Julai 14

Digrii tisa. Adhis alipiga. "Usijilaumu, Baba." Nikasema ndio.

Julai 15

Digrii nane. Nikasema ndio.

Julai 19

Digrii nane. Nimefunga stoo kwa kufuli. Kwa nani, sijui. Kuku nimewanunulia chakula kingine. Katibu hajala, wala sijamgusa. Kutofanya kitu ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Mkono unawasha. Kila nikipita nataka kumfungua mdomo.

Julai 25

Digrii kumi! Jua saa nzima. Jioni nimepata nondo mmoja wa veranda. Nimemweka kisandukuni nikaondoka sebuleni kabisa. Niliporudi hakuwepo. Nimetafuta chini ya meza nihakikishe. Katibu amekula.

Sikumwambia Adhis. Nimeona nikimpa habari njema atanishukuru.

Julai 30

Digrii tisa. Mwai alipiga kutoka Doha. Huko ni digrii arobaini na mbili. Aliniambia Adhis ananisifu kila siku, kwamba mambo ya Homa Bay yamekwisha, yeye ameyasahau. "Baba, mijusi imewaleta pamoja," akasema. Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Agosti 3

Digrii nane. Mhubiri alisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina wiki ya tatu na bado inaendelea. Watiri alinikanyaga mguu chini ya benchi.

Agosti 9

Digrii tisa. Adhis alipiga. Nikasema ndio.

Agosti 10

Digrii tisa. Nilikutana na Wamucii sokoni, yule wa kuku kumi na wanane. Ni mzee sasa. Alinisalimia kwa heshima, "Mwalimu." Nikamwambia nilimkosea siku ile ya kuku. Hakukumbuka. Alikumbuka kuku tu, akawataja kwa rangi.

Agosti 19

Digrii kumi. Mvua sifuri.

Phelister amepiga saa tatu asubuhi. Ni kijana. Kilo mbili na robo, mapema kidogo, lakini analia vizuri. Mama ni mzima, presha inashuka. Watiri alipiga vigelegele vitano vya mtoto wa kiume, kama ada, akavimalizia kwa kikohozi.

Mimi nilikwenda kusoma kipima mvua ingawa nilikuwa nimekwisha kukisoma.

Agosti 21

Digrii kumi.

Nimekwenda. Nilivaa koti la mikutano na kulibeba daftari hili ndani ya mfuko wa karatasi. Watiri alinipa chupa ya uji na kulitazama daftari.

Adhis alikuwa ameketi kitandani kwa Phelister, mtoto kifuani, amefunikwa mablanketi mawili na kofia ya sufu iliyomzidi. Amevimba uso, anapendeza. Phelister alipima presha mbele yangu, nikamwuliza kama naweza kusema jambo zito. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi. "Sema. Lakini polepole."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Julai. Yote yalinikimbia. Nikafungua daftari tarehe saba Juni, nikampa. Akasoma. Hakuelewa. Nikamfungulia ishirini na saba. Akasoma hiyo nayo, akarudi nyuma, akasoma tena ya kwanza.

"Hii dawa," akasema. "Ndio ilimuua?"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyemuua. Si baridi."

"Ulijua lini?"

"Tarehe kumi na mbili Julai."

Alihesabu kwa macho. "Na mimi nimekupigia kila jioni."

"Kila jioni."

"Nikikuambia ni baridi. Na unasema ndio."

"Nilikuwa nasema ndio."

Aliirekebisha kofia ya mtoto. Aliposema tena hakuinua sauti, na ingekuwa afadhali kama angepiga kelele.

"Baba, si kifo ya Jakom inaniuma. Jakom alikuwa mzee, na makosa iko kwa kila mtu. Inaniuma ati mimi ndio nilikuwa mgonjwa. Nimelala hapa miezi mbili na nusu, nikigeuka naogopa nitapoteza mtoto, na kila jioni nachukua ile nguvu kidogo niko nayo nakubembeleza wewe. Wewe ukichukua tu. Hukuona hata siku moja uniambie, Adhis, wacha, inatosha?"

Nikasema sikuona. Halafu nikasema hapana, niliona, lakini ilikuwa tamu. Huo ndio ukweli na nimeuandika hapa ili usinitoroke. Nililia. Phelister alitoka nje na mashine yake.

Nilipoweza kusema nikamwambia lile lingine nililokwenda nalo. Kwamba Homa Bay nilimkosea baba yake mbele ya watu, na sasa nimemuua hata shahidi. Kwamba sistahili. "Mtoto mwite Ogutu," nikasema. "Mimi ndiye babu, nafasi ni yangu, na ninampa yeye. Hakuna mtu wa kwetu atakayeuliza. Akiuliza, nitamjibu mwenyewe."

Adhis akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa fomu ya kuzaliwa. Ilikuwa imeshajazwa, kwa mwandiko ule ule wa karatasi ya mijusi. Theuri Mwai.

"Tuliandika Jumanne, mimi na Mwai kwa simu."

"Ifute."

"Sifuti."

"Adhis, mlikuwa hamjui."

"Tulikuwa tunajua ya Homa Bay, hiyo ilitosha." Akaikunja fomu. "Siku ile mliondoka, mama alikasirika sana. Lakini baba alisema, huyo mzee anaogopa tu kupotea. Ati anaona kijana yake ameenda mbali, na jina nayo itaenda mbali. Akasema, mtoto akizaliwa aitwe yeye, ndio ajue hajapotea. Mimi sikutaka, Baba. Nimebishana na hiyo maneno miaka tatu. Sasa nimeandika, na wewe unakuja kuniambia nifute? Hii si shati, ati unarudisha kama haikutoshi. Na tena si yako. Ni ya huyu."

Akanipa mtoto. Sikuwa nimenawa mikono, nikasema hivyo, akasema ninawe basi. Nikanawa kwa sabuni mpaka viwiko, mara tatu, Phelister akinitazama mlangoni. Nilipomshika nilikumbuka uzito wa Jakom. Huyu ni mzito kuliko yule, lakini si sana.

"Katibu je?" Adhis aliuliza.

"Amekula mara moja tu tangu Juni. Yuko hai. Nitamleta kesho."

"Wacha akae kwako mpaka Mwai arudi."

"Bado unaniachia mimi?"

"Saa hii hakuna mtu Nyeri mzima anajua kukaa bila kumlisha kama wewe," akasema. Hakucheka. Phelister ndiye aliyecheka, akajificha nyuma ya pazia.

Nilipoaga, Adhis aliniambia hatanipigia kwa muda kidogo. Nikamwambia ni haki yake.

Agosti 27

Digrii kumi na moja. Simu haijalia.

Agosti 31

Digrii kumi na moja. Nimeandika kwa chokaa kwenye mlango wa stoo, herufi kubwa za kutosha kuonwa kutoka barabarani: DAWA, JUNI 7. Jirani yangu Ngatia alisimama akauliza ni tangazo la nini. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Nilipomaliza, akasema pole kwa mjusi. Hajawahi kusikia mtu akisema pole kwa mjusi, akajishangaa mwenyewe.

Septemba 4

Digrii kumi na tatu! Jua tangu saa nne. Mibuni imekauka umande kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Jana jioni Katibu alikula nondo wawili wa veranda.

Leo saa tano simu ililia. Adhis. Sauti yake haikuwa tamu wala kali. "Baba, Theuri amekataa kunyonya tangu asubuhi. Analala tu. Watiri alilea watoto wengi, muulize, hii ni kawaida?"

Watiri alikuwa shambani. Nikamwambia Adhis, bila hata kufikiri, "Mwache kidogo. Ni baridi."

Akasema haya, akakata.

Nilibaki na simu mkononi. Nje jua linawaka. Nimetazama kisanduku, na Katibu ananitazama bila kope. Pengine ni baridi kweli. Mtoto wa kilo mbili huchoka upesi, asubuhi za Ruring'u bado ni kali, huenda nimesema kweli mara hii. Lakini nimekwishatumia neno hilo vibaya sana, sijui tena kama ni maarifa yanayosema au ni mimi.

Nikampigia. "Adhis, usinisikilize. Sijui. Mpeleke kliniki sasa hivi, aangaliwe na mtu anayejua."

Nilisikia upepo, na mlango wa gari ukifungwa, na Phelister akimwambia dereva aende.

"Tuko njiani, Baba," akasema. "Tulitoka mara tu ulisema ni baridi."